KARANGA ZINAZOSTAHIMILI VIDUKARI NA WAJIBU WA CHAMA KATIKA KULINDA MBEGU

Maelezo kwa makatibu, wajumbe wa kamati na wanachama wa vyama vya msingi



Zao la karanga lina maadui wengi, lakini yuko mmoja ambaye udogo wake huwafanya wakulima wamdharau. Naye ni kidukari, mdudu mweusi wa kadiri ya milimita mbili, akaaye kwa makundi kwenye ncha za matawi na chini ya majani machanga akifyonza utomvu. Hasara itokanayo na kufyonza kwenyewe si kubwa sana ikilinganishwa na ile itokanayo na maradhi anayoyaeneza. Maradhi hayo ni rozeti, ambayo baadhi ya wakulima huyaita ukoma wa karanga. Mmea ulioshikwa hudumaa, vifundo vya shina husongamana, majani huwa madogo na kujikunja, na shina zima hugeuka kuwa kichaka kifupi cha manjano au cha kijani kilichoiva. Ukishikwa kabla ya kutoa maua, mara nyingi mmea huo hautoi hata punje moja ya kuvuna.

Wakulima wameambiwa mara nyingi kwamba iko mbegu isiyoshikwa na rozeti. Habari hiyo ni ya kweli, lakini ina masharti yake. Yapaswa kila katibu wa chama aelewe ukinzani wa mbegu ni kitu gani, una namna ngapi, na kwa nini mbegu inaweza kuingia katika ghala la chama ikiwa na ukinzani, na baada ya misimu michache ikatoka katika ghala hilo hilo ikiwa imebaki na jina tu.

UGONJWA HUU NA HISTORIA YAKE

Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini rozeti ni ugonjwa wa Afrika kusini mwa Sahara na visiwa vilivyo jirani kama Madagaska. Taarifa ya kwanza ya kitaalamu juu yake iliandikwa mwaka 1907 na Zimmermann, kutokana na karanga alizoziona katika nchi hii ilipokuwa chini ya Wajerumani. Mwaka 1928 Storey na Bottomley, kutokana na kazi yao huko Afrika ya Kusini, walichapisha uthibitisho kwamba mwenezaji wa ugonjwa huo ni kidukari. Wakati wa mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, rozeti nayo ilikuwamo mashambani, ingawa mpango ule ulivunjwa zaidi na ukame, udongo mgumu na hesabu mbaya.

Tabia moja ya ugonjwa huu inafaa ikumbukwe daima: hauji kila mwaka kwa nguvu sawa. Misimu kadhaa hupita ukionekana kwenye mashina machache tu, kisha msimu mmoja hulipuka. Mwaka 1975 kaskazini mwa Nigeria uliharibu karanga katika eneo la hekta 700,000 hivi, na hasara ikakadiriwa kuwa tani nusu milioni. Msimu wa 1994/95 ulilipuka katikati ya Malawi na mashariki mwa Zambia. Nchini Malawi eneo lililolimwa karanga lilishuka kutoka hekta 92,000 hivi msimu ule hadi hekta 65,000 hivi msimu uliofuata, kwa kuwa watu walikuwa wamekosa mbegu na wamekata tamaa. Kwa hiyo hasara ya mwaka mmoja haiishii mwaka ule. Mwenye kukosa mavuno leo hukosa pia mbegu ya kesho.

NAMNA KIDUKARI ANAVYOENEZA RADHI

Kidukari hatafuni jani. Ana mrija mwembamba mno mdomoni, ambao huuchomeka katika ngozi ya mmea na kuupitisha taratibu hadi kwenye mishipa ipitishayo chakula kilichotengenezwa na majani. Hapo hutulia akanywa. Jike huzaa watoto walio hai bila kupandwa na dume, na mtoto huwa mzazi baada ya wiki moja hivi. Wakisongamana sana, au mmea ukianza kukauka, huzaliwa wenye mabawa ambao huchukuliwa na upepo hadi mashamba mengine.

Anayenyonya mmea mgonjwa kwa saa kadhaa hubeba virusi mwilini, na baada ya hapo huweza kuambukiza mimea mizima kwa siku nyingi. Wataalamu wamegundua kwamba rozeti hailetwi na kirusi kimoja. Ni ushirika wa vitu vitatu: kirusi cha rozeti chenyewe, kirusi msaidizi, na kipande kidogo cha kirithi kinachoandamana nao. Kile kipande kidogo ndicho kinachosababisha hasa dalili zinazoonekana. Kirusi cha rozeti hakina vazi lake, nacho huazima vazi la kirusi msaidizi ili kiweze kusafiri ndani ya kidukari. Kikikosekana kimoja, safari ya ugonjwa hukatika.

Jambo jingine ni kwamba virusi hivi havipiti katika punje. Mbegu iliyovunwa katika shamba lenye rozeti haiupeleki ugonjwa katika shamba jipya. Ugonjwa hutoka katika mimea iliyo hai, hasa maotea ya karanga yaliyobaki shambani, kandokando ya nyumba na mahali penye unyevu. Hivyo basi, mwanachama anayechoma mbegu yake kwa kuhofia rozeti anajitia hasara bure, na yule anayeacha maotea yaendelee kustawi mpaka mvua za kupandia anawafugia jirani zake ugonjwa.

UKINZANI NI WA NAMNA MBILI

Wataalamu wa wadudu hugawa ukinzani wa mimea katika mafungu matatu. Mimea mingine humchukiza mdudu akaondoka. Mingine humruhusu anyonye, lakini hakui vizuri wala haongezeki. Mingine huvumilia tu, ikabeba wadudu wengi na bado ikazaa. Soya yenye manyoya mengi kwenye majani ni mfano mzuri wa fungu la kwanza: nchini Marekani soya zisizo na manyoya huumizwa vibaya na panzi wadogo wanyonyao utomvu, ilhali zenye manyoya hawazisogelei sana.

Kwa karanga na rozeti, fungu la tatu halisaidii kitu. Mmea unaovumilia vidukari wengi bila kuonyesha dalili yoyote huwa ghala la vidukari kwa shamba zima. Kinachotakiwa ni kumzuia kidukari asinywe, au kukizuia kirusi kisistawi hata kama kidukari amekwisha kunywa.

Ukinzani dhidi ya kirusi ndio uliotangulia kujulikana. Mwaka 1952 watafiti waliokuwa Afrika ya Magharibi waliupata katika karanga za wenyeji za eneo la mpaka kati ya nchi ziitwazo leo Burkina Faso na Ivory Coast. Hivyo jawabu lilikuwa tayari mikononi mwa wakulima wa Kiafrika, waliokuwa wameihifadhi mbegu ile kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1960 de Berchoux alieleza kwamba ukinzani huo unategemea virithi viwili vilivyojificha, ambavyo ni lazima mmea uvipate vyote viwili kutoka pande zote mbili za uzazi. Maana yake kwa hesabu ni hii: karanga yenye ukinzani ikichanganywa uzazi na isiyo nao, katika kizazi cha pili ni mmea mmoja tu kati ya 16 utakaokuwa na ukinzani kamili. Ndiyo sababu kazi ya kuzalisha aina mpya huchukua miaka mingi.

Kutokana na asili hiyo zilipatikana aina nyingi. Mojawapo ni ile iliyotolewa Uganda mwaka 1999 kwa jina la Serenut 2, na Malawi mwaka 2000 kwa jina la Nsinjiro, baada ya kazi ya taasisi ya kimataifa ya ICRISAT na watafiti wa nchi hizo. Aina hiyo huzuia kirusi cha rozeti, lakini haimzuii kidukari, wala haikizuii kirusi msaidizi. Mkulima akiona vidukari juu yake asidhani ameuziwa mbegu ya uongo. Aidha aina hiyo hukaa shambani kwa muda wa miezi minne hivi, nayo hutaka mvua ndefu.

Namna ya pili ni ukinzani dhidi ya kidukari mwenyewe. Mfano wake unaofahamika zaidi ni aina iliyotoka kusini mwa India, ambayo wataalamu huiita ICG 12991. Ilitolewa Malawi kwa jina la Baka na Uganda kwa jina la Serenut 4. Kirusi kikiingizwa ndani yake kwa njia nyingine, huugua kama karanga yoyote. Lakini kidukari akitua juu yake huchomeka mrija, akahangaika, na hukaa muda mfupi tu kwenye mishipa ya chakula, kwa hiyo hazai sana wala haambukizi sana. Hukomaa kwa miezi mitatu hivi, na punje zake ni ndogo. Inafaa mahali penye mvua fupi, lakini mnunuzi anayetaka punje kubwa hataipenda.

Hapa ndipo chama kinapopaswa kutumia busara. Hakuna aina moja inayofaa kwa kila shamba na kila soko. Aidha si salama kutegemea kinga moja milele. Kidukari wa soya alionekana Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Wataalamu wakapata kirithi cha kumpinga, lakini kufikia mwaka 2008 ilikwisha kutangazwa kwamba katika jimbo la Ohio wako vidukari wa soya wanaostawi juu ya mimea yenye kirithi hicho, hata kabla mbegu yake haijaenea kwa wakulima. Mdudu anayezaa kila wiki hujifunza upesi. Chama chenye aina zaidi ya moja, zenye kinga za namna mbalimbali, kina akiba pale moja inaposhindwa.

MIAKA YA HERI NDIYO MIAKA YA HATARI

Karanga kwa kawaida hujichavusha zenyewe ndani ya ua. Kwa sababu hiyo mbegu yake haiharibiki upesi kwa kupandana na jirani, kama mahindi yanavyofanya. Mkulima aweza kuirudia mbegu yake mwenyewe kwa misimu kadhaa. Kwa nini basi ukinzani hupotea?

Hupotea kwa mikono ya watu. Hupotea kwenye mzani, pale magunia ya wanachama kumi yanapomwagwa pamoja juu ya turubai moja. Hupotea katika mashine ya kubangulia isiyosafishwa, na katika maotea ya aina ya zamani yanayochipua katikati ya mbegu mpya na kuvunwa pamoja nayo. Hupotea pia dukani, pale muuzaji anapolipa gunia jina linalopendwa na watu.

Msimu usio na rozeti, karanga yenye ukinzani na isiyo nao husimama shambani sawasawa. Jicho la mkulima haliwezi kuzitofautisha, wala mzani wa katibu hauwezi. Pengine ile isiyo na ukinzani hukomaa mapema zaidi au huzaa zaidi, kwa hiyo sehemu yake katika gunia lililochanganyika huongezeka kila mwaka bila mtu kujua. Ukija mwaka wa ugonjwa, wanachama hushangaa kuona mbegu yao ya sifa ikiteketea. Watamlaumu mtafiti, watamlaumu bwana shamba, na mwisho watakilaumu chama. Tena kila shina lisilo na kinga katika shamba lililochanganyika ni kituo cha kuwalishia vidukari virusi.

Kinyume chake nacho hudanganya. Baada ya mwaka mbaya, mkulima huchagua mashina machache yaliyopona katika shamba lililougua, akasema ndiyo yenye ukinzani. Huenda ni kweli, na huenda ni bahati tu kwamba kidukari hakutua hapo. Mbegu ya namna hiyo yafaa itengwe na kujaribiwa kwa misimu kadhaa, haifai kutangazwa.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha ya chama ikipotea, mkaguzi huiona katika vitabu. Ukinzani wa mbegu ukipotea, hakuna atakayeuona mpaka siku ya msiba, isipokuwa kama mbegu nayo imewekewa kitabu chake.

HESABU YA MBEGU

Karanga huzidishwa polepole, na jambo hili huwakatisha tamaa wengi. Katika nafasi ya sentimita 50 kati ya mistari na sentimita 10 kati ya mashina, hekta moja huchukua mashina 200,000. Punje moja ikiwa na uzito wa gramu 0.4, hizo ni kilo 80 za mbegu zilizobanguliwa. Hekta hiyo ikitoa kilo 1,000 za karanga zenye maganda, baada ya kubangua na kuchambua zitabaki kama kilo 640 zinazofaa kwa mbegu. Hizo zatosha hekta 8 msimu wa pili. Hekta 8 hizo, kama hazikuuzwa wala kuliwa, zitatoa mbegu ya hekta 64 msimu wa tatu.

Kwa hiyo chama kinachoanza na kilo 80 za mbegu safi, na kuzilinda, kitawafikia wanachama wengi baada ya misimu miwili. Lakini gunia moja la karanga ngeni likiingia katika zile kilo 640 za kwanza, makosa hayo nayo yatazidishwa mara 8 kila msimu. Mbegu safi na mbegu chafu huongezeka kwa hesabu ile ile.

KAZI ZINAZOMPASA KATIBU NA KAMATI

Kwanza, katibu ajue anachonunua. Mwaka 2009 ziliidhinishwa nchini aina tano za karanga: Mnanje, Mangaka, Masasi, Nachingwea na Naliendele. Jina jipya peke yake si hati ya ukinzani. Katibu aulize kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kinachoshughulikia zao hili, au bwana shamba wake: je, aina hii ina kinga dhidi ya rozeti? Ni kinga dhidi ya kirusi au dhidi ya kidukari? Inakomaa kwa siku ngapi? Majibu yaandikwe.

Pili, kiwekwe kitabu cha mbegu, mbali na kitabu cha mazao. Kila fungu liandikiwe jina la aina, lilikotoka, mwaka liliopokelewa, uzito wake, mwanachama aliyepewa, shamba lilipopandwa na uzito uliorudishwa. Gunia lisilo na maandishi hayo lisihesabiwe kuwa mbegu, liuzwe kama karanga za chakula.

Tatu, wachaguliwe wanachama wachache waaminifu wa kuzalisha mbegu ya chama, katika mashamba ambayo hayakulimwa karanga msimu uliopita, ili maotea yasichanganyike. Kamati ilikague shamba mara mbili: wakati wa maua, na kabla ya kuvuna. Shina lisilofanana na mengine kwa rangi ya jani, kwa kusimama au kutambaa, ling'olewe. Wakati wa kuvuna, maganda na punje za rangi au umbo tofauti ziondolewe. Chama kinachotaka kuuza mbegu hiyo kwa jina lake kifuate kwanza masharti ya Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu, yaani TOSCI.

Nne, mbegu ihifadhiwe katika maganda yake, mahali pakavu, na ibanguliwe karibu na siku za kupanda. Mashine na turubai visafishwe kabla ya kila aina. Zihesabiwe punje 100, zioteshwe katika kitambaa au mchanga wenye unyevu, ili ijulikane ngapi zinaota kabla mwanachama hajalipa.

Tano, wanachama waelezwe kwamba ukinzani hauondoi kazi ya shamba. Majaribio yaliyofanywa katika nchi mbalimbali za Afrika yameonyesha kwamba kupanda mapema na kupanda kwa kubanana hupunguza rozeti sana. Vidukari wenye mabawa hupenda kutua pale udongo mtupu unapoonekana kati ya mashina. Shamba lililofunika ardhi upesi haliwavutii. Mkulima anayepanda kwa nafasi kubwa ili kubana matumizi ya mbegu, na kuacha mapengo bila kuyarudishia, anamkaribisha mdudu. Maotea nayo yang'olewe yote kabla ya mvua za kupandia.

Ndugu wajumbe, kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji kitabu kimoja, kalamu, ufagio wa ghala, na kamati isiyoona haya kukataa gunia la rafiki. Katika miaka ya heri huenda wanachama wakauliza kwa nini katibu anawasumbua kwa magunia ambayo kwa macho yote ni karanga. Jibu lake ni kwamba tofauti ya magunia hayo haimo machoni, imo katika kitabu. Na siku vidukari watakapoletwa na upepo, kitabu hicho ndicho kitakachokuwa kimeamua nani atavuna.